Namna ya Kukataa Jambo la Nyumbani Bila Kuukataa Ukoo

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyezaliwa katika familia inayojiweza ya Nyanda za Juu Kusini: familia yenye mashamba ya miti Mufindi, malori yanayopanda na kushuka barabara ya Tunduma, mpunga wa Usangu, kahawa ya Mbozi, chai au parachichi za Rungwe na Njombe, au familia ambayo mzee wake alishika cheo serikalini na jina lake bado linafungua milango. Mtu huyu amesomeshwa kwa fedha hiyo, amelelewa kuheshimu wakubwa, na sasa anaombwa na watu wa nyumbani kwake afanye jambo ambalo dhamiri yake inalikataa. Hataki kulifanya, wala hataki kuonekana mtoto aliyewatupa wenzake. Wengi hudhani kwamba ni lazima wachague moja. Mimi naamini kwamba mara nyingi si lazima, ila kukwepa uchaguzi huo kuna taratibu zake, na anayeziruka huumia mwenyewe na huumiza wengine waliokuwa wanyonge kuliko yeye.

Shinikizo la familia yenye nacho lina tabia yake. Halina kelele, na ni nadra mtu kukutishia waziwazi. Unakumbushwa tu, kwa sauti ya upole, nani alilipa ada ya sekondari ya bweni, nani alimpigia simu mkuu wa chuo ulipokosa nafasi, na kiwanja chako cha Forest, pale Mbeya mjini, kimeandikwa kwa jina la nani. Kwa sababu hakuna aliyekutukana, unajiona mkosefu hata kabla hujajibu lolote, na katika hali hiyo ndipo watu hukubali mambo ambayo wakiwa peke yao wasingeyakubali.

Unaombwa nini hasa

Ombi la nyumbani huja limefungwa pamoja na mambo mengine mengi: salamu, habari za mgonjwa, lawama kidogo kwamba siku hizi huonekani, kisha jambo lenyewe mwishoni, tena kwa ufupi. Kazi yako ya kwanza ni kulitenga jambo lile na kulitazama peke yake. Jiulize kama wanataka saini yako, wanataka ukae kimya, au wanataka tu uonekane.

Kuonekana ni jambo jepesi kuliko vijana wengi wanavyodhani. Baba yako mkubwa anapomwoza binti yake kwa sherehe kubwa, nawe una mashaka na njia alizopitia kupata fedha hizo, kwenda kwako harusini hakubariki biashara zake. Nenda, kaa na wenzako, toa zawadi iliyotoka katika mfuko wako mwenyewe, mpongeze bibi harusi ambaye hana kosa lolote, kisha urudi kwako. Mtu anayesusia harusi na misiba kwa sababu ya maadili hupoteza haki ya kusikilizwa siku ya jambo zito, kwa kuwa Mbeya na Iringa mtu hupimwa kwa misiba aliyohudhuria kuliko kwa hoja alizotoa.

Saini ni habari nyingine kabisa. Ukishaiweka haitoki, nayo itasomwa mahakamani, benki na ofisi ya ardhi na watu wasiojua kwamba ulisaini huku moyo wako unakataa. Uso wako wape kwa ukarimu. Saini yako uwe mchoyo nayo.

Kimya ndicho kigumu, na sina kanuni moja inayokimaliza. Naanza kwa kuuliza ni nani anayeumia kwa kimya hiki, na kama mtu huyo ana njia nyingine ya kujitetea. Kama kinachofichwa ni aibu ya mzee, kwa mfano deni lake la zamani, ugonjwa wake, au mtoto aliyezaa nje ambaye anatunzwa vizuri, basi kumsitiri ni wema, na kijana anayeyatoa mambo hayo nje kwa jina la ukweli anafanya ukatili. Lakini kimya kinachomwacha mjane bila nyumba, au mtoto katika hatari, hakiitwi stara, na anayekuomba ukitunze anakuomba uwe mshirika.

Kabla ya kusema neno lolote

Hesabu kwanza unachokula kutoka katika fedha hiyo unayotaka kuihoji. Unaishi katika nyumba ya nani? Gari unaloendesha limesajiliwa kwa jina la nani? Mshahara wako unatoka kwenye kampuni ya familia? Sisemi kwamba mtu anayetegemea familia hana haki ya kuwa na dhamiri. Binti wa miaka 20 anayesomeshwa na baba yake ana haki hiyo sawasawa na mtu mwingine. Nasema kwamba anayekataa jambo asubuhi kisha mchana akaenda kujaza mafuta kwa kadi ya kampuni ya baba mdogo atajibiwa kwa mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, na jibu litauma kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Kwa hiyo jiandae mapema, ikiwezekana miezi kadhaa kabla. Fungua akaunti ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayeiona. Vyeti vyako vya shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa viwe mikononi mwako, si kwenye kabati la baba. Kama unaweza kupanga chumba Mwanjelwa, Uyole au Kihesa kwa kipato chako, panga, hata kama kitakuwa kidogo kuliko chumba cha msichana wa kazi nyumbani kwenu. Fanya hayo bila kutangaza na bila uso wa vita. Mtoto mtu mzima kuhamia kwake ni jambo la kawaida, na halimuudhi mzazi mwenye akili.

Pia tafuta ukweli wote. Katika familia kubwa, habari hufika kwako ikiwa imepita kwa watu wanne wenye ugomvi wao wa zamani. Kabla hujamhukumu mjomba kwamba amemega shamba la jirani, muulize aliyekuwepo mipaka ilipowekwa, uone karatasi kama ipo, na umsikilize mjomba mwenyewe.

Kikao cha ukoo na daftari linalozungushwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mirathi ndiyo inayowapasua watu wa familia zenye mali kuliko jambo jingine lolote, na kwa sababu mtego wake huwekwa wakati ambao akili ya mfiwa haipo sawa.

Mazishi yamekwisha, wageni wa mbali wameanza kuaga, na wale wa karibu wanaambiwa wabaki kwa kikao. Sebule imeondolewa makochi, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki na wanawake kwenye mikeka, mjane yuko kona akiwa amefunikwa khanga mabegani. Mmoja wa watoto wa baba mdogo anaandika kwenye kaunta buku. Mwishoni daftari linapitishwa mkono kwa mkono pamoja na kalamu moja, kila mtu anasaini au kuweka dole gumba, na anayesoma kwanza anaonekana mtu asiye na imani na wenzake. Daftari lile ndilo muhtasari wa kikao cha ukoo. Ndilo litakalopelekwa mahakamani kuonyesha kwamba familia imempendekeza fulani awe msimamizi wa mirathi, na ndilo litakalosema warithi ni akina nani.

Lisome. Soma taratibu, kwa adabu, miwani ikiwa machoni kama unaivaa. Angalia kama mjane ametajwa kwa jina lake kamili, kama watoto wote wa marehemu wamo, wakiwemo mabinti walioolewa, na kama mali zilizoorodheshwa ni zile unazozijua: shamba la Mafinga lililosahaulika, nyumba ya Uhindini, lori lililosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Angalia kama kuna nafasi tupu kati ya maneno ya mwisho na saini ya kwanza, kwa maana nafasi hiyo huweza kujazwa baadaye. Ukiiona, pigia mstari papo hapo, ukisema kwamba ndivyo mahakama inavyopenda.

Ukikuta kosa, usiseme kwamba mtu anaiba. Sema: "Baba mdogo, shikamoo tena, naomba radhi kwa kuwachelewesha wakubwa. Nimesoma, lakini jina la mama sijaliona kwenye warithi, na la dada wa Makambako pia. Likiandikwa nitasaini hapa hapa." Maneno haya yana faida tatu kwa pamoja: hayamshutumu mtu, yanaacha mlango wa kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya, na yanaeleza waziwazi kile utakachokifanya. Ukijibiwa kwamba mambo hayo yatarekebishwa mbele ya safari, jibu kwamba na wewe utasaini yakisharekebishwa. Usizidishe neno. Mabishano marefu mbele ya watu yatawalazimisha wakubwa kushikilia msimamo wao ili wasionekane wameshindwa na mtoto.

Bila shaka utaambiwa kuhusu mila, na inafaa uzijue kuliko anayekuambia. Ni kweli kwamba katika Unyakyusa wa zamani ng'ombe wa marehemu waliweza kwenda kwa mdogo wake wa tumbo moja kabla ya kufika kwa wanawe. Lakini ndugu huyo alirithi na mzigo: kuwalea watoto wale kama wake, kuwatafutia ng'ombe wa mahari, na kuhakikisha kwamba mama yao ana shamba na nyumba. Mtu anayechukua malori akaacha ada za shule hajafuata mila ile. Amechukua nusu yake iliyomfaa. Isitoshe, huko huko Rungwe wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi walianza kutoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao cha rika, ambako walifunzwa kula pamoja na kutendeana haki na watu wasio wa damu yao. Ukoo haukuwa kamwe dai pekee juu ya mtu. Mzee anayejua historia hiyo atakusikiliza ukiitaja kwa heshima, nami nimeona kwamba hoja inayotoka ndani ya mila humfikia mzee kabla ya hoja inayotoka kwenye kifungu cha sheria.

Hata hivyo, kifungu kijue. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, bali atatunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza, na maneno hayo ndiyo wakubwa wengi wanayoyakumbuka. Yaliyofuata hawayakumbuki sana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la talaka, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri la ardhi ya ukoo kutoka Kagera, alikataa kanuni ya mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, kwa kuwa ilimbagua kinyume cha Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Kwa familia yenye mashamba ya chai au ya miti katika ardhi ya kijiji, hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote.

Kama kikao kimekwisha na muhtasari usio wa haki umesainiwa bila wewe, bado hujachelewa. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake, na kabla msimamizi hajateuliwa tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi alete. Nenda mahakamani uulize kama shauri limefunguliwa. Mwenye pingamizi bora ni mjane au binti aliyeachwa nje ya muhtasari, si wewe. Kazi yako ni kumsindikiza, kumlipia nauli, na kumpeleka kwa wasaidizi wa kisheria ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msimamizi akishateuliwa, kanuni za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka apeleke orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, na anayekiuka wajibu wake anaweza kuondolewa. Familia nyingi hukaa miaka bila kujua kwamba miezi minne hiyo ipo.

Na kama wazazi wako wako hai, waombe waandike wosia sasa. Mweleze baba kwamba ofisi ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huhifadhi wosia, na kwamba kuuandika hakumwiti mauti. Ugomvi wote nilioueleza hapo juu hupungua kwa karatasi moja iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu kabla hajaugua.

Kimemo cha mjomba

Watu wa rika langu wamekariri tangu shule ahadi ya TANU isemayo: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Maneno "wala cha mtu mwingine" ndiyo yanayowahusu watoto wa wakubwa. Mjomba mwenye jina anaandika kimemo, au siku hizi anapiga simu, na kijana anapata nafasi ambayo mtoto wa mkulima wa Igurusi aliyefaulu kuliko yeye ameikosa. Hakuna aliyemwona mtoto yule akipewa jibu, kwa hiyo ni rahisi kujiambia kwamba hakuna aliyeumia.

Namna ya kulizuia jambo hili ni kusema kabla simu haijapigwa. Unapotuma maombi ya kazi, mwambie mama, kwa kuwa yeye ndiye atakayemwambia mjomba: "Nimeomba mwenyewe, na naomba mjomba asipige simu. Nikikosa nitaomba tena." Atasikitika, atasema una kiburi, na pengine atapiga simu kwa siri. Lakini umeshasema, na ukiulizwa baadaye na dhamiri yako utakuwa na jibu. Mjomba mwenyewe mshukuru kwa yale anayoweza kukupa bila kumdhulumu mtu: kukupitisha katika maswali ya usaili, kukueleza kazi ya idara ile ilivyo, na kukusahihishia barua.

Hali huwa ngumu zaidi pale wewe ndiye mwenye ofisi na jamaa wanakuja na bahasha ya vyeti vya mtoto wao. Usiwafukuze na usiwasomee sheria mlangoni. Wakaribishe chai, vipokee vyeti, vikague kweli, mweleze kijana tangazo linatoka lini na maombi yanatumwa wapi, mpe hata nauli ya kwenda kwenye usaili. Kisha sema waziwazi, wakiwa bado wamekaa, kwamba kwenye orodha ya majina hutagusa, na kwamba kutumia madaraka vibaya ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo TAKUKURU huisimamia. Kosa baya kuliko yote ni kusema "tutaangalia". Neno hilo huchukuliwa kuwa ahadi, na kijana atakapokosa utakuwa umewasaliti, wakati kumbe hukuwaahidi kitu.

Binti wa kazi nyumbani kwa mama yako

Inajulikana nchi nzima kwamba wasichana wengi wa kazi hutoka Iringa na Njombe, na familia nyingi zinazojiweza za Mbeya nazo zina binti wa namna hiyo jikoni. Nenda nyumbani kwa wazazi wako Julai, baridi ikiwa kali, uone analala wapi. Ukimkuta kwenye stoo ya pembeni ya jiko, juu ya godoro jembamba lililowekwa kati ya magunia ya mchele na ndoo za unga, na simu yake imehifadhiwa na mama "asije akaharibika", una kazi ya kufanya, na kazi hiyo haianzi kwa hotuba.

Anza kwa kumuuliza binti jina lake la ukoo, kwao ni wapi, ana umri gani, na mara ya mwisho mshahara ulikwenda kwa nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 zinakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyevuka umri huo hapaswi kufanyishwa kazi inayomdhuru au inayomzuia kusoma. Kama ni mtoto, suala si mshahara tena. Ni kumrudisha salama kwa wazazi wake au kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na hapo usikubali kucheleweshwa hadi "tumpate mwingine".

Kama ni mtu mzima, zungumza na mama mkiwa wawili tu, labda mkimenya viazi, na uzungumze kuhusu mambo yanayorekebishika wiki hii: chumba, blanketi, simu, siku ya mapumziko, mshahara kukabidhiwa mkononi mwa binti badala ya kutumwa kwa mama mdogo wake. Mama wengi walioajiri mabinti hawa wamemlea mmoja au wawili hadi wakaolewa, na wanajiona wafadhili. Ukimwambia mama yako kwamba ni mnyonyaji, utakuwa umemnyang'anya sifa anayoithamini, na hatakusikia tena. Ukimwambia kwamba binti ameletwa kwake kama amana ya wazazi wake, utamkumbusha anachokiamini tayari. Likizo ya siku 28 kwa mwaka na mkataba wa maandishi vinafuata baadaye, lakini vifuate kweli. Usiridhike na blanketi.

Kuhusu ndoa

Nitasema machache, kwa sababu hapa haki iko upande mmoja kwa uwazi zaidi. Kama familia inamkataa mchumba wako kwa kabila lake, kwa dini yake, au kwa sababu kwao ni maskini, wasikilize hadi mwisho, uchuje kama kuna jambo la tabia walilolijua nawe hujalijua, kisha ufanye uamuzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wanaooana. Usikubali kumwoa au kuolewa na mtu wasiyempinga ili tu kununua amani, kwa kuwa anayelipia amani hiyo ni mtu wa tatu ambaye hakuulizwa.

Nani wa kumtuma, na lini

Usiseme jambo zito kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maneno ya kwenye simu hayana uso, husomwa na watu ambao hayakuwahusu, na hunakiliwa. Usiseme msibani, wala Desemba watu wanapokusanyika Tukuyu na Kyela kwa ajili ya sikukuu, maana utaambiwa umeharibu furaha ya wazee na hoja yako itasahaulika. Safiri siku ya kawaida, fika mchana, salimia nyumba nzima.

Na mara nyingi usiende peke yako. Shangazi, dada wa baba, anaweza kumwambia baba yako maneno ambayo wewe ukiyasema ni utovu wa adabu. Kwa upande wa mama, mjomba ana nafasi ya namna hiyo hiyo. Mchungaji, padri au mzee wa kanisa anafaa kama baba anamheshimu kweli, siyo kama anamvumilia tu. Mweleze mjumbe jambo moja, si matano, na mweleze pia ni nini utakachofanya na nini hutafanya, ili asije akaahidi kwa niaba yako. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno, lakini neno huharibika pale mjumbe anapokwenda akiwa na ujumbe nusu.

Kuna wakati wa kuruka taratibu hizi zote. Kama mtoto anapigwa au anaingiliwa, kama mtu ametishiwa maisha yake, usimtume shangazi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, siku hiyo hiyo, hata kama mtuhumiwa ni baba yako mwenyewe. Utaambiwa umeuvua nguo ukoo. Ubaya huo haukuanzishwa na wewe.

Baada ya kukataa

Tegemea majira ya baridi. Simu zitapungua, utasahauliwa kwenye kikao cha harusi, na mdogo wako ataambiwa asiige mfano wako. Usijibu ukimya kwa ukimya. Piga simu kumjulia hali bibi kila wiki kama ulivyokuwa ukifanya. Akilazwa mtu hospitali ya Rufaa, uwe miongoni mwa wanaopeleka uji. Msiba ukitokea Ileje au Busokelo, fika usiku huo huo, beba kuni, lala kwenye turubai na wenzako, na baba mdogo aliyekuchukia kwa sababu ya muhtasari umpe mkono wa pole kama wanavyompa wengine. Methali isemayo mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe inawahusu na wale uliogombana nao.

Katika kufanya hivyo, usiyarudishe uliyokwisha kuyakataa. Watu watakutazama kama umelainika, na pengine daftari jingine litaletwa. Jibu liwe lile lile, kwa sauti ile ile, bila kukumbushia ugomvi wa kwanza. Mchango wa harusi uliotuma ukirudishwa, usibishane. Mpelekee shangazi aufikishe kwa jina la bibi harusi, naye akiurudisha, uweke akiba kwa ajili ya ada ya yule mtoto aliyeachwa nje ya muhtasari, ambaye Januari atahitaji sare, daftari na nauli ya kwenda shule.